Mkate wa Ukutani

Ukipita mtaani kwetu ukaona kichwa kilichochorwa nje ya kinyozi kinakukodolea macho kama kimekufumania, ujue hiyo ni kazi ya mkono wangu. Mimi ni mchoraji wa kuta za maduka. Vinyozi, gereji, maduka ya dawa, mafundi viatu, wote nimewapamba. Watu wananiita Mama Rangi, na jina hilo nimelipata kihalali, maana hata siku ya harusi yangu nilikuwa na doa la kijani nyuma ya sikio, na shangazi zangu walilisugua mpaka sikio likawa jekundu, doa likabaki.

Ufundi nilifundishwa na mjomba, kaka yake mama. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, na jinsi ya kuosha brashi kwa tina kabla haijawa kijiti. Alikuwa na mwiko mmoja ulionitesa. Tukipata kazi ya mgahawa, hatukutia kitu mdomoni mpaka chakula cha ukutani kiishe chote. Tumbo langu lilikuwa likiguna mpaka wapita njia wanageuka. "Chora," ananiambia, "utakula baadaye." Nikamweka kwenye kundi la mabahili. Alipofariki, Mungu amrehemu, siku ya kwanza niliyopata kazi ya mgahawa peke yangu nilianza kwa kula mpaka nikalegeza mkanda. Watu walisema kazi yangu ni nzuri ila haijafika ya mjomba. Mimi nikasema ni wivu wao.

Mume wangu ni fundi saa. Anakaa sebuleni kwenye kimeza chake karibu na dirisha, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na anaweza kushika kijiskurubu kidogo kuliko punje ya mchanga bila mkono kutikisika. Ana kisukari kwa miaka mingi sasa. Mwaka uliopita alipata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kikakataa kupona miezi na miezi, na kilipofunga, daktari alimtolea uvivu: akirudia kula ovyo, safari ijayo hawatatibu kidonda, watakata kidole. Tangu hapo kila jioni namkalisha kitini, naweka mguu wake mapajani mwangu, na kuvikagua vidole vyote kimoja kimoja.

Na mimi nilimlinda, jamani. Nilimpekua mifuko. Nilimnusa mdomo akirudi kutoka dukani. Sukari niliificha mahali ambapo hata mimi nilipasahau. Akilalamika hata kidogo, nilikuwa na hotuba yangu tayari: "Utamu ni mazoea tu, mzee. Mtu akiamua, anaacha." Hotuba hiyo mara nyingi niliitoa huku nikipaka jamu kwenye mkate wangu, kwa sababu mimi sikuwa na kisukari, sasa nijinyime kwa kosa gani? Yeye alikuwa akikaa mbele ya mboga zake, kageuza uso upande, mdomo wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

"Funga mdomo," namwambia, "nzi wataingia."

Basi, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkuki wangu ulianza na ulimi. Niliamka nao mweupe kama umepakwa chokaa, na tumbo limejaa hewa hata nikiinama kuchukua kopo la rangi najisikia kama mpira. Nikaenda hospitali. Daktari akanitazama mdomoni akasema, "Hii ni fangasi. Inaitwa kandida." Jina zuri kabisa, unaweza kumpa mtoto wa kike. Akaniandikia dawa, akaniambia na sukari niipunguze kwa muda.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini nikamsimulia wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye amewahi kuumwa hivyo hivyo na hana dogo. Alikuja nyumbani kwangu siku hiyo hiyo, hata kiti hakukikalia. "Kupunguza haitoshi," akasema. "Fangasi inakula unachokula. Hakuna sukari, hakuna asali, hakuna mkate wala chochote cha hamira, hakuna ngano, hakuna tunda tamu, hakuna siki. Mpaka ulimi uwe mwekundu." Nikamuuliza kimebaki nini. Akafikiri sana, akasema, "Kabichi."

Mume wangu alikuwa kwenye kimeza chake, anasikia yote. Akatoa kioo jichoni, kitu ambacho hakifanyi bure.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Mimi? Si nimekwambia siku zote ni mazoea?"

"Sawa, mama. Basi tuwekeane mapatano. Ukiweza wewe, na mimi sitalalamika tena mpaka naingia kaburini. Lakini siku utakayoonja wewe, na mimi naonja."

Wifi alishuhudia. Nikampa mume wangu mkono mbele yake, kifua mbele kama jogoo. Kidole cha mume wangu kilikuwa sasa kinategemea mdomo wangu, na mimi nilikuwa natabasamu.

Siku za mwanzo nilitembea na kiburi changu kizima. Kabichi, mayai, matango, samaki wa kuchemsha, kabichi tena. Kisha mwili ukagundua kwamba sitanii. Nilisimama dukani nikasoma maandishi yote ya nyuma ya pakiti ya biskuti, mpaka jina la kiwanda, mpaka muuza duka akaniuliza kama najiandaa kwa mtihani. Dawa ya meno ikawa inaisha haraka nyumbani, mume wangu akanisifu kwa kupiga mswaki kwa bidii. Asubuhi moja nilimkuta sisimizi ukutani kabeba punje ya sukari. Nilimtazama kwa jicho la husuda mpaka akabadilisha njia. Na nikajiuliza ameipata wapi.

Shida kubwa ilikuwa tanuri la mikate. Liko kwenye kona, na kila niendako lazima nipite pale, na kila asubuhi linatoa harufu inayokushika ukosi. Hapo ndipo nilipovumbua mbinu yangu. Nikikaribia kona nilikuwa naifunga pua kwa ndani, nageuza uso upande, nafungua mdomo, napumua kwa mdomo mpaka nimepita. Harufu ikikosa mlango itaingilia wapi? Nilijiona nina akili kuliko wifi na daktari wakiwekwa pamoja. Sikumwambia mume wangu. Mpinzani hapewi mbinu ya vita.

Lakini pua ukiifunga, tamaa inatafuta njia nyingine, na yangu ilitokea kwenye brashi. Nilichora matairi ya gereji. Niliporudi kesho yake, mwenye gereji alikuwa ameshika kiuno.

"Mama Rangi, haya ni matairi au donati?"

Nikatazama. Yalikuwa yamenona. Yalikuwa yanang'aa kwa juu, na katikati yamevimba. Mtoto wake, akaniambia, amelamba ukuta. Nikayarudia. Kisha kinyozi naye akaniita kwa vichwa vyake vipya. "Mama, hivi vichwa mbona vimeumuka?" Na kweli, vilikuwa vya kahawia iliyokolea pembeni, ikififia taratibu kuelekea juu, na juu kabisa palikuwa na mng'ao kama wa siagi. "Kuna mtu kaingia leo anauliza kama tunauza na mikate," akasema. Alitaka nivifute, lakini wateja walikuwa wameongezeka, akaviacha.

Sifa za vile vichwa zikamfikia Mama Tanuri, mwenye tanuri la kona. Akanikamata njiani nikiwa mdomo wazi, napita.

"Wewe, kama unaweza kufanya kichwa cha mtu kitamanike, mkate utakuwaje? Nataka ukuta wangu wote wa mbele."

Mtu mwenye akili timamu angesingizia mgongo. Mimi nikauliza anataka nianze lini.

Niliwasili asubuhi bila kula, maana kabichi asubuhi ilikuwa imenishinda. Nikaegemeza ngazi, nikapiga mistari, nikaanza upande wa kushoto: skonzi, mikate mirefu, keki iliyokatwa pande moja. Sina maneno ya kueleza. Brashi ilikwenda yenyewe. Nilijua kila ufa wa ganda, kila kitundu cha ndani, kila mahali ambapo siagi ingesimama kabla ya kuzama. Watu wakaanza kusimama. Mzee mmoja alivua kofia. Nilipofika katikati ya ukuta nikaanza mkate mkubwa, mrefu kama kitanda cha mtoto, ambao ndio ungebeba jina la tanuri. Nikawa nimefika nusu yake Mama Tanuri alipotoka nje, unga mpaka kwenye viwiko, akatazama juu, machozi yakamlengalenga.

"Nimeoka miaka yote," akasema, "sijawahi kuoka mkate kama huo."

Akarudi ndani, akatoka na sahani ya skonzi za moto. Akaniwekea juu kabisa, kwenye ubao wa ngazi, kando ya kopo langu la rangi ya kahawia.

"Asante, mama, lakini mimi siruhusiwi."

"Onja tu, mwenzangu. Usipoonja nitajisikia vibaya."

Akaingia ndani. Tukabaki mimi na skonzi, juu ya ngazi. Nikaifunga pua kwa ndani, nikafungua mdomo, nikapumua kwa mdomo kama kawaida yangu. Tatizo la mbinu hiyo, ambalo sikuwa nimelifikiria, ni kwamba mdomo unakuwa wazi.

Skonzi ya kwanza niliila kwa adabu, nisimvunjie moyo mwenyeji. Ya pili niliila kwa utaalamu, kwa kuwa mchoraji lazima akijue anachokichora. Ya tatu sina maelezo yake. Nikapangusa makombo kwenye kanzu yangu ya kazi, nikamalizia nusu iliyobaki ya mkate mkubwa na upande wote wa kulia. Kazi ilikwenda haraka, tena kwa raha, nikipiga mluzi.

Jioni nilikula kabichi yangu kwa uso wa mcha Mungu.

"Umeshindaje?" mume wangu akauliza.

"Kama jana."

Kisha nikamkalisha kitini, nikaweka mguu wake mapajani. Nilikishika kile kidole gumba kwa mkono ule ule ulioshika skonzi. Kovu lake ni la waridi, laini, kama ngozi ya mtoto. Alikuwa amefumba macho, ananiamini. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe, na bado nikanyamaza.

Asubuhi akaniambia anataka kuuona ukuta wangu, maana majirani wamemsimulia. Nikafurahi. Nilijua ni kazi bora ya maisha yangu. Tukaongozana mpaka kwenye kona, tukamkuta Mama Tanuri amesimama barabarani, mikono kiunoni.

"Mama Rangi, upande huu kachora nani?"

"Mimi."

"Na upande ule?"

"Mimi."

"Basi mlikuwa wawili. Huku ni mikate. Kule ni matofali."

Nikacheka, nikageuka kutazama, kicheko kikakatika. Upande wa kushoto ulikuwa kama unafuka mvuke wa mikate ya moto. Upande wa kulia ulikuwa umenyooka, umepakwa vizuri, na umekufa. Nikaanza kulaumu rangi, nikalaumu jua, nikasema bado haijakauka, ikikauka itachangamka.

Mume wangu akatoa kioo chake kwenye mfuko wa shati, akakibana jichoni, akatembea taratibu kando ya ukuta tangu skonzi za kwanza, pua karibu iguse chokaa, kama anavyochungulia ndani ya saa iliyosimama. Alipofika katikati ya mkate mkubwa, akasimama. Akaweka kidole.

"Ulikula hapa."

"Kula nini?"

"Mkate huu nusu ina njaa, nusu imeshiba. Ulikula hapa, mama."

Mwiko wa mjomba ukanijia kichwani wote kwa mpigo, na lile tumbo langu la usichana likiguna, na yeye akiniambia chora, utakula baadaye. Nilimwita bahili miaka yote hii. Nikataka kumwomba radhi, lakini mume wangu alikuwa tayari ameniacha na anaingia dukani kwa Mama Tanuri.

"Unakwenda wapi?"

"Mapatano ni mapatano," akasema bila kugeuka.

Nilishika ngazi, niliyokuwa nimeiacha pale pamoja na makopo yangu, kwa mikono miwili. Nilikiona akilini kile kidole gumba cha mguu, kisha nikakiona hakipo. Akatoka na skonzi moja juu ya karatasi, ya moto, inang'aa. Akasimama mbele yangu. Watu walikuwepo, Mama Tanuri alikuwepo, lakini maneno yalinitoka kama yalikuwa yamejaa nyuma ya meno.

"Usile. Nakuomba, mume wangu. Aliyeshindwa ni mimi, mguu wako haujafanya kosa. Nilikula, tena tatu, na jana nikakudanganya huku nimekushika mguu. Nilikwambia ni mazoea. Si mazoea. Ni vita, na mimi hata wiki chache zimenishinda, na wewe nimekutafunia mkate na jamu usoni miaka nenda miaka rudi."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Maneno hayo," akasema, "nimeyasubiri kuliko skonzi."

Kisha akachukua kopo tupu la rangi, akaligeuza, akalikalia chini ya ukuta. Akainyanyua skonzi juu ya kiganja mpaka ikapigwa na jua.

"Panda."

"Nipande wapi?"

"Kwenye ngazi. Umeharibu ukuta wa watu. Chora huku upya, mimi nakushikia skonzi."

Rangi ya upande wa kulia ilikuwa bado mbichi. Nikaifuta kwa kitambaa chenye tina, matofali yangu yakatoka moja moja, nikaanza tena kutoka pale alipoweka kidole. Sikuwa nimekula kitu tangu ile kabichi ya jioni, na hofu ilikuwa imemaliza kilichobaki tumboni. Njaa ikarudi. Brashi nayo ikarudi.

Mchoraji akipewa kitu cha kutazama, anatazama kila mara, na kila akitazama anaona zaidi. Kwanza niliiona skonzi peke yake. Kisha nikauona mkono, ule mkono wa fundi saa, hautikisiki hata kidogo. Nilikuwa nachora ganda la mkate wa mwisho nilipoutazama uso wake. Alikuwa ameugeuza upande, na mdomo uko wazi.

"Funga mdomo," nikaanza, "nzi wata..."

Nikakwama. Ule uso niliujua. Nilikuwa nauvaa mimi mwenyewe kila asubuhi kwenye kona hii hii. Alikuwa ameifunga pua kwa ndani na anapumua kwa mdomo.

Nikashuka ngazi.

"Umeanza lini kupumua hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwa mdomo."

Akafikiri kidogo, bado kashika skonzi juu. "Tangu nilipoambiwa niache."

"Na mezani?"

"Hasa mezani. Wewe ukipasha mkate."

Nikaziona meza zetu zote. Mimi na jamu yangu na hotuba yangu, yeye na mboga zake, uso upande, mdomo wazi, na mimi namfokea habari za nzi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema ni mazoea."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba saa yake imeingia maji. Nililia pale pale, mbele ya wateja wa mikate, na kisha nikapanda nikamalizia ukuta nikiwa na njaa na machozi, na Mama Tanuri anasema mpaka leo upande wa kulia umeushinda wa kushoto.

Nilipokwisha kuosha brashi nikaichukua skonzi kiganjani mwake. Ilikuwa imepoa. Nikamrudishia Mama Tanuri, naye kwa furaha akataka kutufungia mfuko mzima wa moto twende nao nyumbani. Tulitikisa vichwa wote wawili. Kujibu kwa maneno tusingeweza, kwa sababu alikuwa ameacha mlango wa tanuri wazi. Mume wangu akabeba ngazi, mimi makopo, mkono uliobaki nikampa. Tukapita mbele ya ule mlango taratibu, nyuso upande, midomo wazi, na nzi waingie wakitaka.